Mwachie Mungu, mwachie Mungu... haya, namwachiaje?

Kuna sentensi ambazo ukifiwa huku kwetu Mbeya utazisikia mpaka uziote usiku. Mwachie Mungu. Kazi ya Mungu haina makosa. Sisi tulimpenda ila Mungu kampenda zaidi. Jikaze. Ukiwa mwanamke unaambiwa jikaze kwa ajili ya watoto, ukiwa mwanaume unaambiwa jikaze tu, sababu hupewi. Na watu wanazisema kwa upendo kabisa, hilo sibishi, hakuna mtu anaefunga biashara yake Mwanjelwa akapanda gari na mvua ile ya mwezi wa tatu mpaka Rungwe ndanindani ili aje akuumize. Ila nimekaa kwenye mkeka na kina mama wenzangu, mtu anainama anasema sikioni mwachie Mungu dada, anaondoka, anakuja mwingine nae hivohivo, mpaka nikawa natamani nimshike mmoja mkono nimuulize sasa namwachiaje? Nashika nini naacha nini? Maana hakuna aliewahi kunielekeza, wote tunaambizana tu mwachie halafu tunaulizia chai iko wapi.

Kwa wasiojua, tulimpoteza kaka yangu. Alikuwa dereva wa semi, Dar Tunduma, na mara nyingi anavuka anaenda Zambia mpaka Kongo, akipanda na mafuta au mbolea akirudi anarudi na shaba. Waliokulia kando ya hii barabara ya TANZAM wanaelewa nikisema mke wa dereva halali usingizi. Kitonga, Inyala, ile miteremko ya kushukia Mbalizi, hayo majina kwenu ni vituo vya safari, kwetu yalikuwa maombi, Mama alikuwa anamuombea kaka kwa kutaja mteremko mmoja mmoja. Siku ile breki zilikataa. Ndivyo walivyotuambia waliokuwepo, na kwamba alipiga honi mwanzo mwisho watu wakakimbia, akaliingiza gari kwenye kingo ya mlima, hakuua mtu. Utingo aliruka akapona, alikuja msibani na bandeji mkononi akakaa nje na wanaume kwenye moto, hakuna aliemuuliza kitu, walimpa tu kiti.

Sasa siku ya mazishi akaja mchungaji mgeni, sio wetu wa pale kijijini, akahubiri kwamba Mungu ndio kashika usukani wa maisha yetu na sisi ni abiria, kazi yetu ni kukaa na kumwamini dereva. Jamani. Jeneza la dereva liko mbele yake. Wifi yangu alikuwa kainama muda wote, hapo akanyanyua kichwa akamwangalia yule baba, na mi nikamwangalia wifi, nikajua hiki kitu kimeingia pabaya na hakitatoka leo. Sitaki kumsema vibaya mtumishi wa Mungu, nadhani ni mahubiri anayotembea nayo hakujiuliza marehemu alikuwa anafanya kazi gani. Ila mnaotaka kunitumia ule mfano wa usukani, naomba muutume kwingine.

Nilichokuja kukigundua baadae, tena taratibu sana, ni kwamba haya maneno hayana ubaya. Ubaya ni nani anayasema. Chukua Ayubu, maana ndio anaenukuliwa kila msiba. Bwana alitoa na Bwana ametwaa. Ni kweli kalisema, lakini kalisema mwenyewe, yule aliezika watoto kumi kwa mpigo, saba wa kiume watatu wa kike. Hakuambiwa na jirani. Wale rafiki zake walivyokuja walikaa nae chini siku saba mchana na usiku hakuna aliefungua mdomo, wakaona uchungu wake ni mkubwa mno, na mimi nasema hiyo wiki ndio walifanya kazi ya maana kuliko siku zote. Wakaja kuharibu walipoanza kuelezea. Sura na sura wanamfafanulia Mungu, utakuwa umekosea mahali, Mungu haonei mtu, tubu yataisha. Wanamtetea Mungu kwelikweli. Na Ayubu anabishana nao, anailaani siku aliyozaliwa, anataka kesi yake isikilizwe, anamwambia Mungu mbona umenifanya shabaha yako. Halafu nenda mwisho kabisa sura ya 42. Mungu anamkasirikia Elifazi na wenzake wawili, anawaambia hamkunena yaliyo sawa kunihusu kama mtumishi wangu Ayubu. Yule mlalamikaji ndio kanena sawa! Wale watetezi wakaambiwa wapeleke ng'ombe saba na kondoo waume saba watoe sadaka na Ayubu ndio awaombee.

Nimeshahudhuria misiba mingi sana maisha yangu na sijawahi kusikia mtu anahubiri hiyo sura ya 42 sehemu ya juu. Wanahubiri ile ya chini ya kurudishiwa mali mara mbili.

Bibi yetu mzaa baba alikuwa anatusimulia tukiwa wadogo kwamba misiba ya Wanyakyusa zamani haikuwa ya kunong'ona. Kulikuwa na ngoma, wanaume wanacheza na mikuki yao, wanawake wanalia kwa sauti na kuzunguka, vumbi linatimka, mtu ukifika unajua hapa kumetokea kitu. Bibi alikuwa anatucheka sisi wa siku hizi, tunakaa kwenye viti vya plastiki tunasikiliza ratiba. Sisemi turudishe mikuki. Ila nawaza wale wazee waliokuwepo kabla hata wamisionari wa kanisa la Moravian hawajafika Rungwe mwaka 1891 walijua kitu fulani, kwamba kilio lazima kipate mahali pa kutokea, ukikizuia mlangoni kinatafuta dirisha. Siku hizi mtu akilia kwa nguvu wanakuja watu wawili wanamshika, wanampepea na kanga, wanamwambia inatosha. Inatosha kwa nani?

Sasa niwasimulie habari za Mama, maana kama kuna mtu kanionyesha hili jambo ni yeye, na wala hajui kama kanionyesha.

Mama ni Mmoravian wa kuzaliwa, na kila asubuhi kabla hajawasha moto anasoma neno la siku. Wenzangu wa Moravian mnaelewa, kwa wengine niseme tu kwa kifupi, ni utaratibu uliotokea Herrnhut, mji mdogo huko Ujerumani, wanachapisha mistari ya kila siku ya mwaka mzima tangu 1731, na ule mstari wa Agano la Kale hauchaguliwi na mtu, unaokotwa kwa kura kama bahati nasibu, halafu ndio wanatafuta wa Agano Jipya wa kuendana nao. Kwahiyo mstari wako wa leo haukujui. Haujui umeamkaje. Mi zamani nilikuwa naona ni mambo ya wazee, kwanini nisisome ninapotaka, nikiwa na huzuni nisome za huzuni. Asubuhi ya kuzika Mama aliomba kitabu chake, shangazi akasema leo pumzika dada, Mama akasema lete. Akasoma. Ulikuwa mstari wa furaha kabisa, mambo ya kushangilia na kupiga makofi, chumba kizima tukaangalia chini kwa aibu. Mama akafunga kitabu akasema haya, leo sio letu hili, kuna mtu mahali fulani ni lake. Akakiweka chini ya mto.

Halafu akaomba. Nimelisikia hilo ombi na nadhani sitalisahau, kwasababu halikuwa na pambo hata moja. Alisema, Kyala, ndio Mungu kwa Kinyakyusa, huyu nilikuwa nakuomba umlinde kila siku. Hukumlinda. Sasa mtunze. Amina.

Basi. Hapo hakuna asante kwa yote wala najua una makusudi yako. Na bado ni ombi la mtu aliekabidhi, kwasababu angekuwa hamwamini asingeongea nae kabisa, na angekuwa anamwogopa asingemwambia hukumlinda. Mimi nilikuwa bado niko kwenye kubishana na zile saa, kama angechelewa kuondoka, kama angelala Makambako kama alivyosema kwenye simu, kama ningempigia nikamchelewesha hata dakika tano, naendesha safari yake upya kichwani usiku kucha na kila mara namfikisha salama. Martha nae alimwambia Yesu hivohivo, Bwana kama ungalikuwapo hapa ndugu yangu hangalikufa. Sio Martha tu, dada yake nae kaja kayarudia yaleyale, inaelekea walikuwa wanayasema ndani siku zote nne. Na Yesu hakuwakemea. Alilia.

Kuna kitu kingine cha kule nyumbani. Mama ana chai. Sio shamba kubwa, ni kipande tu cha mlimani kama wakulima wadogo wengi wa Rungwe, lakini mwezi wa tatu mvua ikikolea chai haina msiba. Inachipua. Unatakiwa uchume majani mawili na kichipukizi chake, ukipitisha zamu jani linakomaa linakuwa gumu na hawalichukui, na ulichochuma lazima kifike kupimwa siku hiyohiyo, gari la kiwanda likiondoka limeondoka. Tukiwa ndani na msiba hakuna aliewaza chai, mi mwenyewe sikukumbuka kama ipo. Baada ya mazishi, siku ya pili hivi au ya tatu, akaja mama mmoja jirani na karatasi ya mizani, imelowa, imekunjwa kwenye upindo wa kanga. Walikuwa wameenda kina mama wa mtaa alfajiri kabla ya kuja msibani, wakachuma kipande chote, wakabeba kichwani mpaka kwenye banda la kupimia, wakaandikisha kwa jina la Mama. Hakutoa hotuba. Akampa karatasi akasema ndaga, neno moja tu la heshima kwa Kinyakyusa, akaenda jikoni kumenya ndizi.

Mama alilia kwa hiyo karatasi kuliko alivyolia kaburini. Mi nilikuwa sielewi. Akaja kuniambia baadae sana kwamba pale ndio aliona kwamba kuna mtu anashughulika na mambo yake wakati yeye hayuko. Yeye ndio aliona Mungu pale, kwenye kilo za chai. Nilitaka kumwambia Mama hao ni majirani, nikanyamaza, maana nikajiuliza nilitaka Mungu aje na nini.

Watu wakisema kumwachia Mungu wanamaanisha uache kila kitu, ukae, usiulize, usifuatilie. Huo sio mwachie Mungu, huo ni uchovu umevaa nguo za ibada. Na una hasara kubwa, hasa kwa wajane. Wifi yangu kuna ndugu wakamwambia hayo mambo ya malipo ya kazini kwa marehemu mwachie Mungu, usije ukaonekana unatafuta hela kwa kifo cha mumeo. Mwenye gari simu hapokei. Sasa mwenye kumwachia Mungu hapo ni nani, na anaenufaika ni nani? Nilivyosikia hivyo nikapanda gari siku hiyohiyo kutoka Uyole, ukungu wa Isyonje hata mbele hauoni, nikafika nikamkuta baba mdogo nikamwambia kikao cha ukoo kikae na muhtasari uandikwe. Kikakaa, kwa mabishano kidogo. Wakamteua wifi mwenyewe awe msimamizi wa mirathi, ukaandikwa muhtasari na saini zikawekwa, tukafuatilia cheti cha kifo, tukaenda mahakama ya mwanzo kufungua shauri. Mambo yanaenda polepole ila yanaenda. Na katikati ya hizo foleni zote ndipo nilipoanza kuelewa kidogo swali langu la nashika nini naacha nini. Cheti cha kifo ni changu kufuatilia. Ada ya watoto tugawane mimi na wadogo zangu. Kwanini zile breki siku ile, kwa mtu yule, na sio jana yake gari likiwa limepaki, hilo sio langu, nimelibeba nimechoka, halina mpini.

Daudi ndio anaenisaidia hapa kuliko hata Ayubu. Mtoto wake alivyokuwa anaumwa alifunga, akalala chini, wazee wa nyumba yake wakamwinua akakataa, akakataa na kula. Anapambana na Mungu maana mtoto bado anapumua. Siku ya saba mtoto akafa, watumishi wanaogopa kumwambia, wanasema kama alikuwa vile mtoto akiwa hai sasa atafanyaje. Akawaona wananong'onezana akajua. Akainuka, akaoga, akabadilisha nguo, akaenda nyumbani mwa Bwana akasujudu, akarudi akaomba chakula. Watu wakashangaa, yani umelia akiwa mzima, amekufa unakula? Akasema akiwa hai nilifunga nikalia, nani ajuaye kama Bwana atanihurumia, lakini sasa amekufa nifunge ya nini, mimi nitakwenda kwake ila yeye hatanirudia mimi. Watu husoma hapo wanaona Daudi alijikaza. Mimi naona mtu aliepigana mpaka mwisho wa pale mikono yake inapofika, na baada ya hapo akaachia. Kama angeachia siku ya kwanza tungesema ni baba wa namna gani.

Na hata Yesu mwenyewe pale Gethsemane. Tunaruka haraka tufike kwenye si kama nitakavyo mimi. Mathayo anasema aliomba mara tatu, maneno yaleyale. Kama Mwana wa Mungu ilibidi arudie ombi moja usiku mmoja mara tatu, na jasho, na wenzake wamelala, basi nyie mnaotaka mtu awe ameshakubali siku ya matanga mnataka nini kwa kweli.

Kwangu haikuwa siku moja. Kuna asubuhi naamka nimeachia, nafungua duka langu, naimba. Mchana semi inapita pale barabarani inapiga honi, nimeshika tena kila kitu. Jioni naanza upya. Zaburi ya 88 huwa naisoma siku kama hizo, ile haina hata mstari wa kushukuru mwishoni, inaanza na kilio inaishia gizani na ikaachwa hivohivo ndani ya Biblia, hakuna aliekuja kuirekebisha. Inanipa amani kuliko zile za kushangilia, sijui kwanini, labda kwasababu haiharakishi mtu.

Nimeshaulizwa sasa ukienda msibani useme nini. Sema pole. Inatosha kabisa, imetosha miaka yote. Ukitaka kuongeza mtaje marehemu kwa jina, sema alikuwa anakuchekesha vipi, utingo wa kaka alikuja akatuambia kaka alikuwa anaimba nyimbo za kwaya vibaya sana wakipanda Kitonga ili wasisinzie, sauti ya pili hajui ya kwanza hajui, tukacheka mpaka wifi akacheka, kwa mara ya kwanza. Osha vyombo. Beba kuni. Chuma chai ya watu. Ile ya kazi ya Mungu haina makosa muachie mwenye msiba, akitaka kuisema ataisema siku yake, na akiisema yeye utaitikia amina kwa adabu.

Wifi bado hajaisema. Kwaya kaacha, kanisani anakuja kwa kuchelewa anakaa kiti cha nyuma kabisa karibu na mlango, sadaka ikianza keshaondoka. Wazee wa kanisa walitaka kumtembelea kumwonya, Mama akawaambia mkienda mwende na sukari, maonyo mmeze. Wakaenda na sukari. Juzi kaniambia ameanza kuomba tena, ila anaomba akiwa amekasirika, anauliza kama ni dhambi. Nikamwambia soma Ayubu, anzia sura ya 3, zile mbili za mwanzo unazijua.

Na mimi mchungaji wetu, huyu wa huku mjini, kaniomba nitoe ushuhuda jinsi Mungu alivyonishindia. Nikamwambia baba mchungaji mimi sijashinda, nikisimama pale nitasema pamoja na hasira zote na watu watakosa raha. Akafikiria kidogo akasema sawa, sema hivohivo, nakuweka Jumapili ya mwisho wa mwezi. Kanipa dakika kumi. Mnaonijua mnajua dakika kumi mi sijamaliza hata salamu.